Upindo wa Kumi na Mbili

Ijumaa, 22 Novemba

Darlene amenipa daftari hili pamoja na amri: kila siku niandike jambo moja la kushukuru. Anasema miaka ishirini na miwili ya kusikiliza manung'uniko ya mume inamtosha. Haya. Nashukuru kwa daftari.

Nashukuru zaidi kwa bunduki. Nimeiunga mwenyewe! Sehemu zilikuja kwa posta, moja moja, tangu Machi. Ndani nimeipaka grisi nusu kopo, ile ya magurudumu ya trela. Chuma kinapenda mafuta. Nimeijaribu mjini, kwenye ukumbi wa shabaha wenye joto zuri. Risasi kumi, zote zimelia.

Sasa tuko kambini, juu kabisa kaskazini mwa Wisconsin. Mimi, shemeji yangu Wendell, na baba mkwe, Mzee Casimir. Mzee ana miaka themanini na minne na magoti yamekataa ngazi. Amesema Alhamisi, Sikukuu ya Shukrani, mbele ya bata mzinga wa kuokwa, atatangaza nani arithi ulingo wake, jukwaa la kuwindia lililo juu ya miti ya mialoni. Kulungu wote wa wilaya hupita chini ya ulingo ule! Mpaka siku hiyo hakuna ruhusa ya kuupanda. Wendell anajiona mrithi kwa sababu ni mtoto wa kiume. Lakini Mzee naye ujanani aliunga bunduki yake kwa mikono yake. Ataniangalia, atajiona. Huo ndio mpango.

Jumamosi, 23 Novemba

Msimu umefunguliwa. Baridi ya kukata masikio. Saa mbili asubuhi, dume la pembe nane, maana hapa tunahesabu ncha, hatua arobaini. Nikalenga. Nikavuta.

Tk.

Tk tu! Nikaielekeza chini, nikahesabu hadi sitini kama tulivyofundishwa. Kimya. Dume likanitazama, likaenda zake bila haraka.

Kambini Wendell akaniuliza kama ile ni bunduki au kiberiti kilicholowa, kisha akaomba mkasi. Hapa mtu akifyatua akakosa, shati lake hukatwa upindo na upindo hupigiliwa ukutani. Ukutani kuna pindo kumi na nne. Kumi na moja ni zangu. Nikapinga kwa nguvu zote: sikukosa, haikulia! Mzee akafikiri sana, akaamua kwamba isiyolia haijakosa. Nashukuru kwa sheria.

Jumapili, 24 Novemba

Uchunguzi. Risasi iliyogoma ina alama ndogo sana kitakoni. Kwa hiyo ni mbovu. Bunduki ililala karibu na jiko la kuni. Asubuhi nikafyatua mara tano kwenye tuta la mchanga nyuma ya nyumba. Zote zikalia! Nikaenda msituni, nikakaa kwa muda wa saa tatu. Tk. Nikarudi, nikaota moto mimi na bunduki, nikajaribu tena. Ikalia!

Jibu ni moja tu. Kuna mtu ananibadilishia risasi. Hapa tuko watatu, na Mzee hawezi hata kuinama. Nashukuru kwa akili ya kupeleleza.

Jumatatu, 25 Novemba

Leo nimelipiza. Wendell alipokuwa anaosha vyombo nilibadilisha: risasi zangu mbovu kwenye kisanduku chake, zake nzima kwenye changu. Aina moja, hakuna atakayejua. Nikaenda msituni nikichekea ndani ya skafu.

Saa nne, mlio. Mmoja. Wendell akarudi anaburuta dume la pembe kumi. Kwa risasi yangu!

Mimi na risasi zake: tk, tk, tk.

Maini yalikaangwa na vitunguu. Wendell akanipa kipande kikubwa kuliko chake, akaniambia, "Kula, shemeji, upate nguvu za kutembea bure." Kitamu mno. Nashukuru kwa maini, ingawa kwa uchungu. Ni wazi aliniona nikibadilisha, akabadilisha tena. Mjanja sana huyu!

Jumanne, 26 Novemba

Theluji. Nimeshinda na risasi sita kwapani zipate joto. Nimetoa moja, nimelenga, tk. Kwapa limechubuka. Nashukuru Mungu ameumba makwapa mawili.

Jumatano, 27 Novemba

Naandika mlango ukiwa umefungwa.

Saa tisa alasiri, kwenye vichaka vinavyopakana na shamba la jirani, Krueger. Mgongo wa kahawia. Ncha ya sikio. Nikawaza ulingo, nikawaza uso wa Wendell. Sikungoja kuona kichwa. Nikavuta.

Tk.

Mnyama akainua kichwa. Sikioni alikuwa na hereni ya njano, namba arobaini na saba. Mtamba wa Krueger! Akalia 'muu' moja kwa moja usoni pangu, akasogea, akaanza kulamba grisi kwenye mikono yangu.

Nilikaa chini kwenye theluji. Ningemuua ng'ombe wa jirani ambaye tangu Darlene akiwa mtoto anatuletea jibini kila Krismasi. Na kama nyuma ya kichaka kile angekuwepo Krueger mwenyewe, anamtafuta mnyama wake? Nilishukuru kwa sauti, nikiwa nimemshika mtamba shingoni. Nashukuru bunduki hii ni mbovu. Sijawahi kushukuru hivi, na sitamwambia mtu yeyote.

Alhamisi, 28 Novemba

Darlene alifika jana na bata mzinga. Leo alfajiri alimtia bata kwenye oveni, akavaa kizibao changu cha rangi ya chungwa, akachukua bunduki ya zamani ya baba yake na risasi moja kutoka kisanduku changu. Moja! Nikamwonya kwamba ni mbovu. Akasema atarudi kabla bata hajahitaji kugeuzwa.

Ikalia. Akarudi, akageuza bata, kisha akatuita tukamsaidie kuburuta kulungu.

Ndipo akataka kuona ndani ya bunduki yangu. Akauliza nimeweka nini humu. Nikamwonyesha kopo kwa fahari. Akachota kidogo kwa kijiko, akakiweka nje ya dirisha. Viazi vilipoiva akakileta, akakigeuza juu chini. Grisi haikuanguka.

"Norbert, mume wangu," akasema, "grisi hii ndiyo inayoishika pini ya bunduki yako isigonge risasi. Jikoni inalainika, msituni inaganda. Risasi hazina kosa. Na kaka yangu pia hana kosa."

Mezani, kama kawaida, kila mtu alitaja analoshukuru. Wendell akashukuru kwa risasi za shemeji yake zilizomwangushia dume la pembe kumi. Kumbe aliona alama za vidole vya grisi kwenye kisanduku siku ile ile, akanyamaza! Mimi nikashukuru kwa afya.

Mzee akaweka uma chini. Akasema yeye anashukuru kwa grisi. Jana alasiri alikuwa dirishani na darubini, na bila grisi ile leo tungekuwa barazani kwa Krueger tunaomba radhi, kofia mikononi. Hakucheka. Akaniambia, "Mwanangu, kwanza unaona, halafu unavuta." Nikakubali. Machozi yalinitoka, si kwa sababu ya vitunguu.

Wendell akauliza kwa upole kuhusu mkasi. Nikakumbusha sheria: haikulia! Mzee akafikiri. Akasema bunduki haikulia, lakini ng'ombe alilia. Upindo wa kumi na mbili.

Kisha akatangaza. Ulingo ni wa Darlene. Miaka ishirini na miwili, alisema, amewapikia watu wanaokosa, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kupanda. Darlene akaziba uso kwa aproni. Akasema amengoja kuulizwa tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Nikapiga makofi mpaka viganja vikauma, na kwa muda nikasahau kwamba ulingo ule ulikuwa wangu. Nashukuru kwa mke wangu. Hilo naliandika bila kuamriwa.

Jumapili, 1 Desemba

Msimu umekwisha. Darlene amesema mwakani naweza kukaa chini ya ulingo na kumshikia chupa ya kahawa. Nashukuru.

Lakini mke wa aina hii hawezi kuwinda na bunduki ya kizamani. Nimeshaagiza sehemu za nyingine, zitakuja kwa posta, moja moja. Itakuwa zawadi ya Krismasi, naiunga mwenyewe, na hajui lolote!

Kuhusu baridi nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Nusu kopo ilikuwa kidogo. Ya Darlene nitaipaka kopo zima. Mtu akisikia baridi huongezewa koti, havuliwi.