Kurasa Themanini na Nne za Ukumbi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika wakandarasi watano, punda wawili wa kubebea mchanga na daktari aliyenikataza chumvi. Uashi wangu hauna cheti. Cha nini?

Leo mjukuu wangu, anayesomea uhandisi wa majengo, kaja na habari. Mwaka wa mwisho lazima achague jengo moja, alichunguze, aandike kitabu kizima wanachokiita tasnifu, kisha asimame mbele ya walimu wamhoji. Kachagua maktaba. Maktaba ya Timazi! Fundi tuliyeanza naye kazi siku moja, jina kalipata kwa kuning'iniza timazi, ile kamba ya kupimia wima, kwenye kila ukuta, mwoga yule. Na ukumbi wa shule niliojenga mimi, hatua mia tu kutoka hapo? Chai imenishuka kama mchanga.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda maktaba, pima maji la kukagulia kuta chini ya koti. Nia: kupata ukuta uliopinda. Nimepima kuta zote. Povu katikati, halitikisiki. Pima maji langu limezeeka. Nikagonga sakafu kwa fimbo, labda chini pana uwazi. Mkutubi akauliza kama nimepotea. Nikamwambia nakagua. Akanisindikiza mpaka mlangoni. Timazi alikuwa pale na gazeti lake. Kanisalimia kwa upole. Makusudi!

Jumamosi, 8 Machi

Nimebadili mbinu. Nimemwambia mjukuu kwamba maktaba haina la kusoma: unaingia, unatoka, hujashangaa. Ukumbi wangu kila kona ina jambo. Mama watoto akadakia kutoka jikoni kuwa hilo ni kweli kabisa, yeye alijua tangu siku ya uzinduzi alipoanguka kwenye ngazi. Mjukuu akaomba nimpeleke.

Siku tamu! Kaweka kipimajoto maktaba, kingine ukumbini. Saa nane mchana kwa Timazi ishirini na saba, kwangu thelathini na sita. Nimemshinda kwa tisa! Ngazi za Timazi zote kimo kimoja, kama za mtu asiye na mawazo. Zangu ni kumi na mbili, vimo kumi na kimoja. Mjukuu akapiga kofi moja, ukumbi ukamrudishia matatu. Akauliza mchoro uko wapi. Nikagusa kichwa changu. Akasema, "Babu, nabadilisha jengo."

Jioni nimepita mbele ya nyumba ya Timazi mara nne. Sikuwa na safari.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku ya mjukuu kuhojiwa. Timazi naye kaalikwa, sijui na nani. Picha za ukumbi wangu ukuta mzima, zimejaa mishale myekundu. Ya maktaba moja tu, haina hata mshale. Maskini. Kwenye michoro yake mjukuu kaongeza madirisha na ngazi mpya. Mapambo ya vijana, nimemwachia.

Mwalimu mmoja akamhoji kuhusu joto. Akajibu kwamba miezi mitatu alililaumu paa, akapima tena, kumbe ni ukuta mmoja ambao niliyaziba madirisha yake. Akafuta sura nzima, akaanza upya. Kukiri kosa mbele za watu! Hilo hakulirithi kwangu.

Mwalimu wa mwisho akamuuliza kazi yote hii imempa nini. Mjukuu akajibu:

"Nilidhani nitajifunza kuchora. Nimejifunza kukaa na watu wanaotumia jengo mpaka waniambie linawatesa wapi. Ukumbi wa babu umenifundisha kuliko majengo yote ya chuo."

Nikasimama, nikawapungia mkono.

Kafaulu. Kitabu nimekihesabu mwenyewe, kidole nimekilowesha mate. Ukumbi wangu: kurasa themanini na nne. Maktaba ya Timazi: nusu ukurasa!

Kesho naanza chumba cha uani cha binti yangu. Mchoro ninao kichwani. Dirisha bado sijaliona.

Asiyeamini amuulize mama watoto, alikuwepo, kajifunika uso kwa mtandio. Au amuulize Timazi mwenyewe. Alikuja kunipongeza, kanishika mkono, machozi yanamtoka, mabega yanamtikisika, neno hata moja halitoki. Wivu umemmaliza mzee wa watu.