Jinsi Privatus Alivyoikabili Ndoo ya Senene

Nyamazeni, enyi wa Nyakato na wa Igoma! Zimeni redio, epueni sufuria, na yule anayegonga mabati pale karakana aweke nyundo chini kwa muda, kwani habari ninayoileta si ya kusikilizwa huku mtu anapepeta mchele. Nitasimulia vita. Nitasimulia ndoo moja iliyojaa majeshi ya kijani na ya kahawia, yenye miiba miguuni, na kijana mmoja aliyeikabili kwa vidole vitupu huku ukoo ukimtazama kama mtu aliyevua suruali sokoni. Asiyetaka kuamini aondoke sasa, mimi sibembelezi mtu.

Kijana huyo ndiye Privatus wa Mutalemwa, Mhaya kwa damu na kwa maringo, Mvuka-mawingu, Mwenye-koti-zito, aliyetoka chuo chake hapa Mwanza akaenda Ufini kusoma muhula mmoja, muhula mmoja tu jamani, akarudi mwezi wa kumi na mbili na koti ambalo hapa kwetu labda ulivae ndani ya friji la samaki. Tulitazamia atarudi na Kiingereza cha puani. Akarudi anaosha vyombo! Siku ya kwanza tu alimaliza kula, akanyanyuka, akabeba sahani yake na ya baba yake akaenda nazo karoni, na Mzee Mutalemwa akabaki ameshika kipande cha ndizi hewani asijue pa kukiweka.

Sasa sikilizeni chanzo cha vita. Nyumba ile ina sheria iliyokuja na mababu kutoka Bukoba: msimu wa senene ukifika, wale panzi watamu ambao Mhaya akiwanusa husahau madeni yake, mke huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, humwekea mume mezani; naye mume akishaonja, mkono ulionyonyoa hupewa nguo mpya, gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake, mbele ya watu. Mwanaume hawagusi mpaka wawe sahanini. Mama Eugenia, mama yake Privatus, na Eugenia ni jina lake mwenyewe, hakuwahi kukosa nguo yake tangu aolewe. Lakini mwaka huu aliteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia, plasta ikamshika kutoka kiganjani hadi kiwikoni, na kana kwamba shetani ana ratiba, ndoo ya senene wabichi ikashushwa kwenye basi la Bukoba, nao wasiponyonyolewa siku hiyohiyo huharibika.

Jirani yao Kija, mwanamke wa Kisukuma mwenye moyo mpana na sauti pana zaidi, akajitolea. "Mama Privatus, nipe mimi. Mikono ninayo miwili."

"Halafu mume wangu akuvishe wewe gomesi?" Mama Eugenia akauliza polepole.

"Yesu wangu! Basi dada, yaishe."

"Acha tu waharibike. Nguo ninazo tele," akasema Mama Eugenia, akageukia ukutani, akawa anatazama kalenda ya mwaka uliopita. Binti wa kumsaidia hakujaliwa. Privatus aliyaona mabega ya mama yake yalivyolegea, na moyo ukamuuma hasa, kwani alijua mama hakuwa analilia kitambaa. Ilikuwa siku moja katika mwaka mzima ambayo mtu alimwambia ahsante kwa sauti.

Ewe ulimi wangu, usinitupe sasa! Shujaa akaingia chumbani, akatoka na fulana kuukuu. Akavuta kigoda uani, mchana kweupe, geti wazi, watu wakipita. Akachota majivu jikoni akajipaka vidoleni ili adui asiteleze. Akafunua ndoo.

Lo! Wakaruka kushoto, wakaruka kulia, mmoja akatua kwenye miwani yake akamkazia macho kwa dharau kubwa. Privatus akamdaka wa kwanza, akavuta, na kichwa kikatoka pamoja na mbawa.

"Unamchinja au unamnyonyoa?" Mama Eugenia akafoka kutoka kwenye kiti chake. "Mbawa kwanza! Halafu miguu ya nyuma, vuta kuelekea chini. Chini, baba, chini!"

Basi jemadari akaamuru kwa mkono wa kushoto na askari akapigana kwa yote miwili. Walianguka wa kijani, walianguka wa kahawia. Vidole vikachubuka, mgongo ukalia, na Kija akachungulia juu ya uzio akipiga kelele, "Msomi, huyo anakutoroka! Huyo hapo kwenye kandambili!"

Ndipo alipoingia Baba mdogo Nestory, Mlinzi-wa-mila, aliyekuwa ametoka Igoma na tumbo tupu kama kila mwaka.

"Shikamoo baba mdogo."

"Mara..." Marahaba ikakatika njiani. "Waitu! Kaka, toka nje uone! Mtoto tulimsindikiza uwanja wa ndege kwa suti na picha. Tuliwatangazia watu kanisani. Tulisema huyu atarudi na mambo makubwa, atakuwa mtu wa mikutano! Leo amekaa kwenye kigoda, amejipaka majivu, ananyonyoa senene kama bibi harusi! Ulaya gani hiyo mlimpeleka?"

Mzee Mutalemwa akatokea mlangoni, gazeti mkononi. Hata senene nadhani walipumzika.

"Privatus," akasema, "nani kakutuma?"

Hapo ndipo vita vyenyewe vilipokuwa, ndugu zangu. Privatus alimwogopa baba yake tangu anatambaa. Miezi michache nyuma angesimama, angefuta mikono, angejibu "nisamehe, Baba", na mama yake angebaki na kalenda yake. Akamdaka senene mwingine. Hakusimama.

"Hakuna aliyenituma, Baba. Kule Ufini wiki ya kwanza nilipika wali. Ukaungua mpaka king'ora kikalia, bweni zima likatoka nje na nguo za kulalia kwenye baridi ile, na zimamoto wakaja. Kwa ajili ya kikombe cha mchele. Nilirudi chumbani nikalia, Baba. Sikulilia njaa. Nililia kwa sababu nimekula wali wa Mama maisha yangu yote, na sijui hata huwa anaweka maji kiasi gani. Sikuwahi kumuuliza."

Mama Eugenia akajifuta pua kwenye plasta. Mzee Mutalemwa akalikunja gazeti mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena.

"Endelea," akasema. "Wataharibika."

Jioni senene waliingia mezani wamekaangwa vizuri, Kija akiwa ameshika mwiko kwa ruhusa maalumu. Mzee akaonja. Akaonja tena. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko, akatoa gomesi la zambarau lenye mabega yaliyochongoka, lile ambalo Mama alisimama kulitazama dukani Nyamagana akidhani mume wake hamwoni. Mama Eugenia akanyanyua macho. Lakini sheria ni sheria.

"Privatus, njoo upokee."

"Kaka!" Nestory akaruka. "Huyo ni dume!"

"Sheria inasema mkono ulionyonyoa. Haisemi mkono wa nani. Nawe meza kwanza ndipo uongee."

Naye Privatus, Mvuka-mawingu, akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili iliyochubuka, na akalivaa! Akalivaa juu ya jinzi, mabega yakamfikia masikioni, akazunguka sebuleni kwa madaha huku Kija akipiga vigelegele vilivyotoa watu viwandani. Mzee Mutalemwa alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ana jino la dhahabu, hatukuwahi kuliona.

"Vua gomesi langu wewe, utalipasua!" Mama Eugenia akapaza sauti, akicheka na kulia kwa pamoja. Mwanawe akalivua, akamvisha yeye mwenyewe, taratibu, mkono wa plasta kwanza.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, wajukuu wasije wakabisha: siku ile, Nyakato, mtoto wa kiume alinyonyoa senene ndoo nzima na mbingu hazikuanguka. Mlinzi-wa-mila aliongeza sahani mara mbili. Na Jumapili, Mama Eugenia alipotokea kanisani na zambarau yake, wanawake wakamzunguka pale nje wakitaka kujua huyo mtoto kawaletea nini kutoka Ulaya, simu au manukato.

"Kaniletea mikono," akasema, akaingia ndani kusali.