Weusi wa OLED Ndani ya Sauna

Tarmo Kettunen alipoliona lile tangazo kwenye ubao wa duka la vyakula, mjini Oulu, alilisoma mara mbili kisha akavua kofia kwa heshima. "Klabu ya gemu ya wastaafu, jengo la Pihlajakuja, inatafuta skrini nane. IPS au OLED? Wanachama hatuelewani. Aje mtu mwenye maarifa."

Mtu mwenye maarifa! Jamani, maarifa Tarmo hakuwahi kukosa. Alichokosa ni kazi. Nyuma ya kigari chake cha mizigo alikuwa na skrini nane za ofisi moja iliyofilisika, zote za aina ya IPS, zimefanana mpaka mikwaruzo. Na moyoni alikuwa na jambo moja tu: kuhamia Fuengirola, kule Uhispania, ambako Wafini wenye bahati huenda kuota jua, kabla baridi haijamalizia magoti yake.

Alikuwa na kanuni yake ya kazi, akiishika kama wengine wanavyoshika dini. Usimuuzie mtu kitu kimoja, maana atakikagua. Mletee viwili achague. Atachagua weee, mpaka asahau kukagua. Basi akabandika stika za OLED, ile aina ya ghali, kwenye skrini nne, nne nyingine akaziacha na u-IPS wake, akaenda Pihlajakuja akipiga mluzi.

Alikuta vita. Mama Alma Tuiskula, mwenyekiti, miaka sabini na tisa, bingwa wa gemu za kufyatuliana risasi, alikuwa OLED. Mzee Reino Vähäkangas, fundi mabomba mstaafu, alikuwa IPS mpaka kaburini. Walikuwa hawajasalimiana kwenye ngazi tangu Pasaka, na kila kambi ilikuwa na birika lake la kahawa.

"OLED kila nukta inajiwashia yenyewe," Mama Alma alisema. "Ikitakiwa giza, inazima. Adui akijificha kwenye kivuli, namwona."

"Na picha ikikaa sana inaganda humo humo!" Reino akafoka. "Utabaki unaona risasi zako hata ukifungua barua ya hospitali. IPS ina taa yake nyuma, inawaka, basi. Haigandi."

"Weusi wa IPS ni kijivu, Reino. Kama supu yako."

"Iache supu yangu!"

Tarmo alitaka kulia kwa furaha. "Wazee wangu," akasema kwa sauti ya mhubiri, "msigombane. Nimewaletea zote mbili mjionee wenyewe."

Tatizo lilikuwa jua. Mwishoni mwa Juni jua la Oulu halina adabu, halijui hata muda wa kulala, na weusi hauonekani kwenye mwanga.

"Sauna," Mama Alma akasema. "Chumba cha mvuke hakina dirisha."

Wakateremka wote, wazee nane na mjanja mmoja, wakaziweka skrini mbili kwenye benchi la juu, mahali pa wageni wa heshima. Jiko lilikuwa baridi, lakini sauna ni sauna: kila mtu alivua viatu, na Reino akavua na shati kwa mazoea.

Taa ikazimwa. Yenye stika ya OLED, Tarmo alikuwa ameishusha mwanga mpaka karibu na kukata roho. Ile nyingine ameipandisha hadi macho yanauma.

"Oneni weusi huo," akanong'ona.

"Tii!" Mama Alma akashusha pumzi.

"Lakini ile pale ndiyo skrini," Reino akasema, machozi yakimtoka kwa mwanga. "Imara!"

Kambi mbili zikapongezana, kila moja upande wake. Nne kwa nne, biashara imekwisha.

"Sasa mwanangu," Mama Alma akamshika Tarmo mkono hapo hapo gizani, "taslimu hatuna. Ila klabu ina nyumba mbili Fuengirola, alituachia mwenzetu marehemu. Sisi jua linatuchosha. Tukupe moja?"

Mjanja yeyote angeshtuka hapo. Tarmo naye alianza kushtuka, akafungua mdomo aulize, lakini Reino akamwahi.

"Mpe ile ya bwawa la kuogelea."

"Ya bahari!" Mama Alma akaruka. "Kijana kama huyu umpe bwawa? Afungue pazia asubuhi aone bahari!"

"Na magoti yake je? Humwoni anavyoteremka ngazi? Bwawa lina maji ya moto."

"Ngojeni kwanza," Tarmo akasema. "Ya bahari ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu. Lifti ipo."

"Na ya bwawa?"

"Chini kabisa. Ila watoto, kelele."

Tarmo akakaa benchini, kichwa mikononi, akachagua. Jasho lilimtoka na jiko halijawashwa. Mwishowe akasema bahari.

"Ya bahari ina thamani zaidi," Reino akasema kwa huzuni. "Itabidi uongeze. Kile kigari, kwa mfano."

Kigari cha nini kwa mtu mwenye bahari? Tarmo akatoa funguo za gari, akapokea ufunguo mmoja wa shaba wenye kibao cha mbao.

Wiki iliyofuata akashuka Fuengirola, akaufuata mtaa na namba aliyoandikiwa, akafika mahali pa kuoshea magari. Mlangoni, juu ya sanduku la safari, alikaa Mfini mmoja mwekundu kwa jua, mkononi ana ufunguo wa shaba wenye kibao cha mbao.

"Pihlajakuja?" Tarmo akauliza.

"Pihlajakuja. Kauko Hirsimäki, karibu. Mimi nilikwenda kuwauzia jiko la sauna. La kuni au la umeme. Walikuwa wanagombana vibaya mno, ningewaachaje?" Akajikuna shingo. "Nilimpigia yule bibi jana kumtukana. Akaniambia nisiondoke, kuna mwenzangu wa skrini yuko njiani. Kigari chako kimewapeleka kwenye mashindano ya gemu mjini Kemi, wameshinda. Skrini walijua zote ni za aina moja tangu unazishusha. Reino amezitumia kuzungushia bustani yake ya figili, sungura wasiingie."

Tarmo akaketi juu ya sanduku lake. Maji ya povu yakapita, yakamlowesha viatu. Hapa ndipo mtu hulia, au hutubu. Yeye aligeuzageuza ufunguo wake, kisha akautazama wa Kauko.

"Wewe ulichagua ipi?"

"Bwawa."

Tarmo akafumba macho. Roho ilimuuma kweli kweli. Magoti yalimwambia bwawa tangu mwanzo, hakuyasikiliza.

"Ndugu yangu," akasema, "tubadilishane?"

Kauko aliukumbatia ufunguo wake kifuani, akamkagua Tarmo kuanzia kofia mpaka viatu.

"Utaongeza nini?"

Tarmo akaanza kuvua saa.