Simu Niliyoikataa kwa Mzee Shabani

Jamani, leo nimeaibika mpaka natamani kuhama Babati.

Jumamosi hii nilikuwa niende Singe kujitambulisha nyumbani kwa kina Neema, mchumba wangu. Baba yake hana neno. Mwenye neno ni mama, na mama hajawahi kuniona. Neema kanionya wiki nzima: "Mama akikukataa, basi tena."

Nikaona nisiende ukweni na simu yenye nyufa. Nikanunua mpya kwa Mzee Shabani, karibu na stendi. Siku hiyohiyo nikaweka picha yangu na Neema kwenye kioo. Halafu nikaanza kuikagua. (Mimi ni fundi wa madirisha ya alumini. Jicho langu kazi yake ni kutafuta kilichopinda.) Fremu ya kushoto ilikuwa nene kuliko ya kulia! Kidogo sana, lakini mimi nikishaona nimeona. Nikairudisha kwa hasira, hata kufuta picha sikukumbuka.

Mzee akanipa nyingine. Kitufe chake kinalia sana. Nikarudisha. Iliyofuata ilikuwa na chembe ya vumbi ndani ya kamera. Iliyofuata haikuwa na kosa lolote, ila boksi lilikuwa limebonyea kwenye kona. (Ndiyo, hiyo nayo nimeirudisha. Msiniulize.)

Hiyo ya boksi ndiyo nimeipeleka leo mchana. Mzee kuniona tu, akavua miwani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

Nikamweleza. Hakubisha. Akaingia stoo, akatoka na boksi. "Hii ya mwisho, mwanangu. Ukiikataa na hii, nenda Arusha."

Dukani kulikuwa na wateja kadhaa. Kwenye benchi alikaa mama mmoja wa kitenge, anasubiri simu yake ibandikwe protekta. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu. Basi kichwa kikanivimba. Nikaishika simu, nikafumba jicho moja, nikapima kingo kama napima dirisha.

"Mnaona?" nikawaambia watu wote. "Hii ndiyo simu! Fremu imenyooka! Ile ya kwanza, Mzee, uliniuzia takataka!"

"Iwashe," akasema Mzee. Taratibu kabisa.

Nikaiwasha. Kwenye kioo tukatokea mimi na Neema, tunacheka.

Duka zima likaangua kicheko.

"Ndiyo ileile ya kwanza," akasema Mzee. "Nilitaka nijue mbovu ni simu au ni wewe."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yule mama naye alicheka mpaka akafuta machozi kwa upande wa kitenge. "Hebu baba, lete nimwone huyo mwenzio." Nikampa. Nilidhani ananihurumia. (Nilidhani!)

Akaacha kucheka.

"Huyu ni Neema wangu."

Shikamoo ya pili ikanitoka yenyewe. Hakuitikia. Akaniangalia kuanzia viatu, akapanda polepole mpaka kichwani, akashuka tena. Sasa najua simu huwa zinajisikiaje.

"Kwa hiyo wewe ndiye mgeni wetu wa Jumamosi?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu ana kovu gotini. Na asubuhi akiamka ana kisirani. Sasa wewe ukishamchukua, utaturudishia lini?"

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikajibu, tena kwa kujiamini: "Hapana, mama. Neema nilishamkagua, hana kasoro."

Nilishamkagua! Mbele ya mama mzazi! Mzee Shabani mwenyewe alishika kaunta asianguke.

Mama akachukua simu yake, akaaga kila mtu, mimi akaniruka. Nikatoka dukani na ile simu mkononi.

Sasa hivi Neema kaniandikia: "Mama amesema Jumamosi usije. Umemfanya nini mama yangu?"

Msinicheke, jamani. Kioo ni safi kabisa, nasoma kila herufi.