Mwalimu wa Fizikia Kwenye Kidimbwi cha Mihogo

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima, tena nikiwa nimejifunga kitenge cha kike chenye picha za kuku. Naandika mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana stori ikishafika stendi ya Kasulu itakuwa imeongezewa chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Kwa msionijua: mimi ni mwalimu wa Fizikia, mtu wa Tanga, nilipangiwa kazi huku Kasulu. Nilipofika nilinuna muhula mzima. Halafu nikanunua baiskeli ya gia, ya mtumba, yenye matairi mapana, na kununa kukaisha. Nyie mnaoijua Kigoma kwa ziwa na dagaa hamjafika huku juu. Kuna njia za vumbi jekundu zinakata mashamba ya mihogo na maharage, tambarare, zimenyooka mpaka unachoka kuzitazama, kisha zinaingia msituni na ubaridi unakupokea kama umefungua friji. Unaendesha asubuhi nzima unakutana na watu wachache tu, na wote wanakusalimia.

Mwenzangu kwenye haya mambo ni Mwalimu Esta, Muha wa Heru Juu, anafundisha Historia. Anaendesha baiskeli vizuri kuliko mimi. (Yeye alijifunza akiwa na gunia la mihogo nyuma. Mimi nilijifunza kwa video.) Tuna ndoto yetu: tupate njia moja ndefu, kutoka Kasulu mjini, ipite Heru Juu, iende mpaka upande wa Kagerankanda, na wapanda baiskeli waje kuipita kila kiangazi. Watoke Mwanza, watoke Dar, hata Burundi wavuke. Wale, walale, wanunue asali, waondoke wakitusifia. Kasulu nayo itajwe kwa jambo la kufurahisha.

Kikwazo kilikuwa kijiji kimoja, jina nalihifadhi kwa usalama wangu. Njia yetu inapita kwenye msitu wao. Walituona mara kadhaa tukisimama na simu tukipima umbali, wakaambiana kwamba tumetumwa kuweka mipaka mipya, na kwamba mwisho wa baiskeli hizi ni watu kuhamishwa. Siwalaumu hata kidogo. Mwenyekiti wao akatuita tuje leo Jumamosi kwenye mkutano wa kijiji tujieleze wenyewe. Wakikubali, twende kazi. Wakikataa, njia imekufa, maana pembeni ya msitu ule hakuna pa kuzungukia.

Kwa hiyo nilijiandaa. Hotuba niliifanyia mazoezi mbele ya kioo. Esta akanionya jambo moja tu: nisiende na ile kaptula yangu ya kubana yenye sponji makalioni, kwa sababu wazee watashindwa kuniangalia usoni. Nikamjibu asihofu, nguo za heshima ziko kwenye begi nyuma ya kiti, suruali nyeusi na shati jeupe lililopigwa pasi. Nitabadilisha nikikaribia.

Tukaondoka. Safari ilikuwa tamu, sitawadanganya. Msituni majani makavu yalikuwa yanalia chini ya tairi, hakuna gari, hakuna honi. Tulipotoka upande wa pili, njia ikaanza kuteremka taratibu kuelekea bondeni. Mteremko mdogo sana, wa kumpeleka bibi kanisani.

Hapo ndipo akili iliponitoka. Nikatoa simu nijirekodi video ya kuwaonyesha wageni wa baadaye. Mkono mmoja simu, mkono wa pili nimeuachia hewani kuonyesha ninavyojiamini. Esta nyuma yangu akaniita kwa jina. Nikadhani ananishangilia.

Njia ikakata kona. Mimi sikukata.

Nafundisha msuguano na mwendo kila wiki, najua kabisa kitu kilicho kwenye mwendo kinafanya nini kisipozuiwa. Kilipita kwenye majani, kikapita juu ya tuta, kikatua kwenye kidimbwi cha kulowekea mihogo. Ambao hamjawahi kukaa huku: mihogo michungu inamenywa, inalowekwa siku kadhaa mpaka ilainike na kuchacha, ndipo ikaushwe ipatikane unga. Ugali wake mtamu sana. Maji yake sasa. Kuna harufu huwezi kumweleza mtu, unaweza tu kumpelekea. Mimi niliingia kwa kichwa, na begi langu likanifuata.

Nilipoibuka, mama mmoja alikuwa amesimama ukingoni na kapu lake, anaopoa mihogo. Nilikuja kujua baadaye anaitwa Mama Bukuru. Alinitazama. Nikaona nisiwe mtu asiye na adabu, nikamsalimia kwa Kiha changu chote: Mwakeye. (Hiyo ni ya asubuhi. Ilikuwa mchana.)

Akaitikia polepole, halafu akauliza, "Mwana wanje, umefuata nini humo?" (Yaani mwanangu.)

Nikamwomba radhi kwa kuvuruga mihogo yake, nikaanza kuokota iliyorukia nje na kuirudisha. Esta alikuwa amekaa chini njiani, amejifunika uso, mabega yanacheza. Sikumwangalia zaidi.

Suruali ya heshima ilikuwa inanuka kuliko kaptula. Shati jeupe lilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Na huko kijijini filimbi ya mkutano ilishapigwa. Mama Bukuru akaingiza mkono kwenye kapu lake, akatoa vitenge viwili alivyokuja navyo vya kufunikia mihogo. Kimoja nikajifunga kiunoni, kingine nikakitupia begani. Vyote viwili vina kuku wanaotaga.

Nikaingia hivyo kwenye mkutano.

Watu walikuwa wengi, wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji. Waliokaa mstari wa mbele walivuta viti nyuma kidogo, kwa heshima, kila mtu akijifanya anapisha mwenzake. Mwenyekiti aliniangalia, akamwangalia Esta, akauliza kama mgeni aliyesubiriwa ndiye huyu. Esta akasema ndiye. (Alikuwa na nafasi ya kukataa.)

Ningekuwa na busara ningeanza kwa kueleza yaliyonikuta. Lakini hotuba nilikuwa nimeikariri, na kitu pekee kilichobaki kikavu mwilini mwangu kilikuwa ile hotuba. Nikasimama wima, nikaanza kama nilivyofanya mbele ya kioo:

"Ndugu wananchi, njia yetu ni tambarare na ni salama kabisa."

Kipande cha muhogo kikadondoka kutoka kwenye nywele zangu, kikatua mezani mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti akakitazama kile kipande kama ushahidi mahakamani. Halafu mahali fulani nyuma mtu mmoja akaachia kicheko, na baada ya hapo sikusikia kingine chochote. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Wazee walijifuta machozi kwa kofia. Nikabaki nimesimama, nimeshika kitenge kisianguke, nikiwaza jinsi ya kuomba uhamisho kurudi Tanga.

Kicheko kilipopungua, Mama Bukuru akasimama. Alikuwa ametufuata na kapu lake. Nikajua sasa nalipishwa mihogo hadharani. Badala yake akawageukia wenzake.

"Wanaokuja kuchukua ardhi huwa wanakuja na gari na viatu visafi," akasema. "Huyu kona imemshinda. Msitu ataubebaje?"

Wakacheka tena, ila safari hii kulikuwa na kitu kimelegea. Maswali yakaanza, ya kweli sasa. Wageni watakuwa wangapi? Watakata miti? Watakula ugali wetu au watakuja na vyao? Esta akajibu kwa Kiha, nami nikajibu kwa Kiswahili nikiwa kwenye kuku wangu, na mwishowe mikono ikanyooshwa. Tujaribu kiangazi hiki. Kina mama watapika ugali wa muhogo na maharage, vijana wao watapanga njia ipite mbali na vidimbwi, na hakuna kupima chochote bila mwenyekiti kujua. Tumeipata njia, jamani. Tumeipata kweli.

Jioni nimekaa na Mama Bukuru nikimsaidia kumenya mihogo mingine, amenifundisha na salamu ya mchana. Ile kona vijana wameshaipa jina, inaitwa Kwa Mwalimu, na Esta ameshaliweka kwenye ramani ya njia yetu.

Ombi langu kwenu ni moja: chekeni mmalize leo na kesho, ili Jumatatu niingie darasani nikiwa mtu mzima.