Habari Kuu ya Bucha na Makali ya Ubao

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja zima naye apewe nafasi mbele. Ufagio uegemezeni ukutani, sufuria iteremsheni motoni, na anayewapigia simu mwambieni asubiri, maana mko kwenye jambo la vizazi. Mmesimuliwa vya kutosha habari za majemadari waliovuka majangwa na wafalme walioangusha ngome. Lakini ni nani aliyewahi kuwaketisha akawasimulia vita vya mwanamume mmoja na kutembea kwa miguu? Hakuna. Jambo lilikuwa zito, wasimuliaji wakaliogopa.

Shujaa wetu alikuwa muuza nyama, na sisi wenye maduka ya kando ya ziwa tulimwita Bucha, kama duka lake. Bucha Mkata Mbavu! Bucha ambaye kwa pigo moja la shoka hutenganisha goti la ng'ombe na ndugu zake wote! Kwa miaka ishirini na miwili alisimama nyuma ya meza ya vigae akisikiliza watu wakimwambia apunguze mfupa. Hao wakitoka, waliingia wengine, nao wakamwambia apunguze mfupa. Basi msishangae kwamba mtu kama huyo, siku alipoona watu wakiteleza juu ya ziwa bila kuambiwa chochote na yeyote, alivua aproni akawafuata.

Ziwa letu lina upepo mmoja tu, nao ni wa saa tisa alasiri. Hutokea upande wa nyumba ya pampu ya maji, hupita mbele ya banda la Kocha, kisha bucha, kisha kinyozi, kisha saluni yetu, halafu huenda zake mbali hadi gereji, na huko hatujui hufanya nini. Kocha ni mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Kazi yake ni kufundisha watu kusimama juu ya ubao majini huku wakivutwa na tiara ya kitambaa, pana kama chumba, iliyofungwa kwa kamba nne kwenye mkanda wa kiunoni na kuongozwa kwa fimbo ya kushika mikononi.

Sasa sikilizeni siri ya vita hivi. Kwenda na upepo ni rahisi. Hata mfuko wa plastiki huenda. Kazi ni kurudi. Mwenye ujuzi huukata upepo kimshazari, akatoka bandani na akatua bandani. Asiye na ujuzi husombwa, akatua gereji, kisha hutia ubao kwapani na tiara mgongoni, akarejea kwa miguu mbele ya maduka yote, akichuruzika.

Jumapili kumi na moja Bucha alitoka bandani kama radi. Jumapili kumi na moja alirudi kutoka gereji kama mzigo.

"Bucha!" Kinyozi alikuwa akimwita, mashine ikinguruma kichwani mwa mteja. "Leo umeshuka kituo gani?"

"Upepo ulikuwa mbaya, jirani."

"Pole. Na huko gereji hawajambo? Wameshakuzoea, nasikia wanakuwekea chai."

Upepo ulikuwa mbaya, maji yalikuwa mabaya, kamba zilikuwa ndefu, na Jumapili nyingine kamba hizo hizo zilikuwa fupi. Kitu pekee ambacho hakikuwahi kuwa na kasoro hata siku moja ni Bucha mwenyewe.

Lakini kila jemadari ana wa kumtetemesha, na wa Bucha alikuwa mkewe. Huyo ndiye aliyeachiwa shoka kila Jumapili alasiri, saa ambayo watu wote duniani hukumbuka kwamba nyumbani hakuna nyama. Jumapili ya kumi na moja alimngoja mlangoni, damu ya mbavu mikononi.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kwenda sikukatazi. Ninachokataa ni kurudi. Unanipitia hapa umelowa kama kuku aliyetolewa kwenye maji ya kunyonyolea, wateja wanacheka, na mimi nimeshika shoka sijui nicheke au nilie. Jumapili ijayo ukipita tena mlango huu kwa miguu, ubao huo naupigilia miguu minne. Wateja wanahitaji benchi."

"Benchi?"

"Seremala ameshaupima. Anasema unakalisha watu wawili, au mmoja wa ukoo wenu."

Cheka, msomaji, sisi tulicheka. Lakini Bucha hakucheka. Katika maisha yake yote ubao ule ndio kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakikuwahi kupanda mizani. Aliufuta kwa fulana yake mwenyewe, akauingiza ndani taratibu kama mtu anayemlaza mgonjwa.

Hata hivyo hakukata tamaa, maana Jumapili ile ile, alipokuwa akisombwa, alisikia sauti ya Kocha ikipasua upepo kutoka ufukweni: "Makali, mzee! Tia makali! Ubao wako hauna makali!" Wengine wangeuliza maana yake. Bucha hakuuliza. Kama kuna mtu mmoja katika nchi yote anayejua kutia makali, si ni yeye?

Jumatano mchana, duka likiwa tupu, aliulaza ubao juu ya meza ya nyama, akatwaa tupa, akaanza. Alipomaliza kwa tupa alishika jiwe la kunolea, akalilowesha, akauvuta ukingo wa ubao juu yake kwa upole, huku na huku, mwendo ule ule aliorithi kwa baba yake. Kisha akaujaribu kwenye vinyweleo vya mkono. Vikanyoleka vyote.

"Sasa umeamua kuuchinja?" mkewe aliuliza.

"Mwalimu ameagiza nitie makali."

"Utamkata nani huko?"

Bucha akainua uso, macho yakitazama mbali, kule ambako mashujaa hutazama. "Upepo," akasema.

Mkewe akarudi kuosha ndoo.

Jumapili ya kumi na mbili ikafika. Kocha alipitisha kiganja kwenye ukingo wa ubao, kama afanyavyo kwa kila mwanafunzi, akakirudisha haraka na tone la damu kwenye kidole cha shahada.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, Mwalimu. Kama ulivyoagiza."

"Niliagiza nini?"

"Nitie makali."

Kocha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, tukadhani analia. Aliponyamaza alimpa Bucha kipande cha msasa, akamwamuru auviringishe ukingo ule uwe kama ulivyokuwa. Na Bucha alipokuwa akisugua, Kocha alisema maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu alipofungua banda.

"Mzee, nyama unaikata kwa bapa la kisu?"

"Bapa halikati, Mwalimu. Bapa linapaka."

"Basi wewe huko majini unapaka. Ubao umeulaza bapa, na upepo unakutelezesha nao mpaka gereji. Usimamishe kwa ukingo. Hayo ndiyo makali, na yanatiwa kwa visigino, si kwa jiwe. Visigino vizame, vidole viinuke."

"Lakini nalala nyuma! Nalala mpaka mgongo unauma!"

"Hulali. Unakaa. Unakaa majini kama mtu aliyevutiwa kiti. Makalio nyuma, kifua mbele, magoti yamekunjana. Nyoosha mguu wa mbele. Toa kiuno, kikaribie tiara. Uwe mmoja tangu bega hadi kisigino, kama mpini. Na hiyo fimbo ya tiara unaivutia nini kifuani?"

"Nipate nguvu."

"Unaikaba. Tiara ikikabwa haikuvuti mbele, inakuvuta kando. Ilegeze. Sasa niambie, ukikata nyama unatazama wapi?"

"Kule kisu kinakokwenda."

"Na majini unatazama wapi?"

Bucha akaacha kusugua. Kwa mara ya kwanza katika Jumapili kumi na mbili hakuusingizia upepo.

"Natazama tiara," akasema.

"Itazame nyumba ya pampu. Mwili hufuata macho, mzee. Hata wa kwako."

Saa tisa na robo, huku Kocha ameishika tiara ili airushe, Bucha aligeukia maduka. Sisi tulikuwa tumejipanga tayari, wengine na rola za nywele vichwani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni kwake, na pembeni yake palikuwa na misumari katika kopo.

"Enyi majirani!" Bucha akanguruma. "Leo ama ziwa hili linitambue, ama..."

"Linakutambua, Bucha!" Kinyozi alidakia. "Kila Jumapili mnaonana. Sema uende, mteja wangu ananyolewa nusu."

Akaenda.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Kocha, kwa sababu ambayo haitusifu na nitaieleza.

Mwanzo ulikuwa ule ule wa siku zote. Tiara ilimnyanyua, akasimama juu ya ubao, akakaa. Kiti kimevutwa. Magoti yakakunjana, ubao ukalala bapa, na gereji kule mbali ikamfungulia mikono. Hapo Kinyozi akasema, "Yule keshaondoka," akachukua kiti chake, akakigeuzia upande wa gereji ili atazame vizuri. Nasi tukageuza vyetu. Mke wa Bucha naye akageuka, mikono kifuani. Watu kumi na wanne tukaketi tumeligeuzia ziwa mgongo na banda kisogo, tukiitazama njia ya gereji kama abiria wanaosubiri basi.

Na huko nyuma yetu, enyi wasikilizaji, historia ikaanza bila sisi.

Maana Bucha, Mkata Mbavu, aliiachilia fimbo. Si yote, alilegeza viganja, kama mtu anayeshika yai la jirani. Tiara ikapumua. Akanyoosha mguu wa mbele. Akatoa kiuno, kile kiuno cha miaka ishirini na miwili nyuma ya meza, kikalia kwa sauti ambayo Kocha anaapa aliisikia kutoka ufukweni. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote: akaacha kuitazama tiara. Aligeuza shingo pole pole, kama mlango wa ghala, akaikazia macho nyumba ya pampu, jengo baya kuliko yote mjini, lenye bati lenye kutu na mlango usio na kitasa, akaitazama kama mtu anavyotazama kwao. Visigino vikazama.

Ubao ukasimama. Maji yakapasuka chini yake yakiruka upande mmoja tu, na nyuma yake ukabaki mkato mwembamba, ulionyooka. Alikata. Mara ya kwanza aliporudi ufukweni alifika mkabala na saluni. Akageuza tiara, akabadilisha visigino, akatoka tena. Mara ya pili alifika kwa Kinyozi. Ya tatu alianguka, akanywa maji, akatukana, akashuka tena hadi saluni, na lazima niliseme hilo kwa sababu naandika ukweli. Ya nne akafika kwa Kinyozi, ya tano mbele ya duka lake mwenyewe, hatua thelathini kutoka mgongo wa mkewe, naye hakupiga kelele, kwa kuwa alikuwa ameuma ulimi asije akasahau kisigino. Ya sita akatua bandani. Kocha alipapima baadaye kwa miguu yake: Bucha alitua hatua mbili kupita pale alipotokea, upande wa nyumba ya pampu.

Sisi tulikuwa bado tunaitazama gereji.

"Leo amechelewa," mmoja wetu alisema.

"Labda amefika mji wa pili," alisema Kinyozi. "Wampe kitambulisho huko huko."

"Msiseme hivyo," mke wa Bucha alisema, na sauti yake haikuwa ya benchi tena. Alisimama kwa ncha za vidole, akakinga jua kwa mkono. "Mbona hata tiara haionekani?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma yetu, imechoka, ina kwikwi ya maji.

"Mnamsubiri nani?"

"Tunamsubiri Bucha," Kinyozi alijibu bila kugeuka. "Vuta kiti."

Mke ndiye aliyegeuka wa kwanza. Alimkuta mumewe amesimama kwenye mlango wa banda, pale pale alipomwacha, ubao umeegemea goti lake. Uso ukamkunjamana.

"Ina maana hujaenda bado?"

Bucha akafungua mdomo. Hotuba zote alizoziandaa kwa Jumapili kumi na mbili zikaja pamoja, zikakwama mlangoni.

"Nimerudi," akasema.

"Umerudi kutoka wapi? Hukupita hapa!"

"Ndiyo," Bucha akasema. "Sikupita."

Mke akamwendea. Akamshika bega, likatoa maji. Akatazama mchanga mbele ya maduka, toka gereji hadi kwake. Ulikuwa laini, hauna unyayo wa mtu. Akamtazama Kocha, na Kocha, asiyepoteza maneno, aliinamisha kidevu mara moja. Mwanamke yule hakuondoa mkono begani.

"Sasa nani atanishuhudia?" Bucha akauliza, akitutazama mmoja mmoja. "Hamkuona hata kidogo? Hata mkato?"

Tukatazama viatu vyetu. Kinyozi akakumbuka mteja wake.

"Mimi nimekushika umelowa," mkewe akasema. "Inatosha. Vaa kavu, kuna mtu anataka kilo ya maini."

Basi na ijulikane kwa wote wasomao, na wale wasiojua kusoma wasomewe: katika Jumapili ile, saa kumi kasoro dakika tano, ziwa lilikatwa toka upande hadi upande na mwanamume mmoja mwenye visigino viwili, mchana kweupe, mbele ya mashahidi kumi na wanne wenye macho mazima, wote wakiwa wamempa mgongo.