Ukuta wa Machicha

Jumatatu, 7 Julai 1997
Huku Njiru ni baridi! Mabati yetu usiku ni barafu tupu. Wanza wangu anakohoa. Mama mkwe ametuma neno: Jumamosi anakuja, na akikuta nyumba bado baridi atambeba mtoto hadi kwake Mwingi mpaka jua lirudi. Wanza ameacha kunyonya juzi tu! Sikulia. Nimepanga. Nitakandika mabati kwa ndani. Redioni walisema udongo hutunza joto, na vinavyotupwa vinajenga.

Jumanne, 8 Julai
Udongo umeanguka wote. Jirani yangu Everline kacheka hapo mlangoni: Mama Wanza, umehama Nairobi bila kuaga? Eti nichanganye mavi ya ng'ombe, kwao hata mwalimu mkuu hukandika hivyo. Nikamwambia huo ni ushamba. Nina akili yangu. Teresiah, mpika pombe wa Mathare, hutupa machicha, yale makapi ya busaa, gunia kwa gunia. Yananata kama gundi. Na bure!

Jumatano, 9 Julai
Nimegongelea magunia ukutani, nikakandika machicha juu yake. Laini kama shavu la Wanza. Joto kweli! Mume wangu Kyalo kasifu mpaka nikaona haya.

Ijumaa, 11 Julai
Aibu. Ukuta unachacha. Una povu! Wanaume wawili wamebisha, kwa adabu, wakiomba wapimiwe kikombe kimoja tu. Nikasema ni ukuta. Wakasema sawa mama, watarudi ukiiva.

Jumamosi, 12 Julai
Mama mkwe kafika na mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Pua juu. Mama akauliza, polepole, tangu lini napika pombe. Mwenyekiti kapiga magoti kuniombea, kwa majina yangu yote. Nilitamani ardhi inimeze. Nikaeleza huku nalia: ni ukuta, Mama, nilitaka tu asikohoe, usimchukue. Akanusa. Akagusa. Akaweka mkono kifuani mwa Wanza, amelala kimya, hakohoi. Akasema mtoto haendi popote. Yeye ndiye atakaa, amchunge mama mtoto. Kisha akanipa jembe, nibomoe.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani sikuinua macho. Jioni Everline kaleta debe la mavi ya ng'ombe, akiimba. Mama kakandika mwenyewe. Haunuki. Nimewaomba msamaha wote wawili, nikaapa sitabuni kitu tena.

Lakini baridi ya sakafu inauma miguu ya Wanza. Na soko la Gikomba wanatupa magamba ya samaki, yanang'aa kama tailsi. Bure! Kesho Mama akisinzia, naenda.